Bakora ya Babu kwenye Njia ya Shikoku

Siku ya 1: Osaka hadi Naruto

Kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani, bandari ya Tanga. Magari ya Kijapani yanapotufikia huwa bado yamebeba mabaki ya watu waliokuwa nayo: kibandiko cha ukaguzi kiooni, hirizi ya kitambaa imening'inia mbele ya dereva, risiti ya mafuta kwenye kabati. Miaka mitatu iliyopita ilishuka Hiace nyeupe yenye kidaraja kinachojitokeza chenyewe mlango ukifunguliwa, na ubavuni ina maandishi ambayo hakuna aliyehangaika kuyafuta. Sasa ni daladala, na watoto wa shule wanakipenda kile kidaraja kuliko gari lenyewe. Nilipoanza kujifunza Kijapani usiku kwa simu, ubavu wa gari lile ndio ulikuwa ubao wangu wa kwanza. Ilinichukua miezi miwili kuusoma: kituo cha kutunzia wazee mchana, na chini yake jina la mji, Tokushima. Nikaitafuta Tokushima kwenye ramani, nikaikuta kisiwani Shikoku, na kisiwa chote kimezungukwa na mstari mwekundu wenye namba 1 hadi 88.

Namba zile ni mahekalu. Njia inayoyaunganisha ina urefu wa kama kilomita 1,200, na anayekwenda kwa miguu huhitaji siku 40 hadi 50. Imefungamana na jina la Kukai, mtawa wa Kibudha aliyezaliwa Shikoku mwaka 774, akaenda China kusoma mwaka 804, akarudi na kuasisi dhehebu la Shingon. Watu wa huku humwita Kobo Daishi, au Odaishi-san tu, kama mtu anayekaa nyumba ya pili. Mimi likizo yangu inanipa siku nane.

Treni zile za kasi hazifiki Shikoku. Nimepanda basi Osaka, tumepita Kobe, kisha daraja la Akashi Kaikyo lililofunguliwa mwaka 1998. Kati ya nguzo zake mbili kuu pana mita 1,991. Lilisanifiwa liwe na mita 1,990, lakini tetemeko la Januari 1995 lililoiangamiza Kobe lilizisogeza nguzo wakati ujenzi ukiendelea, wahandisi wakakubali mita ile ya ziada na kuendelea. Baada ya kisiwa cha Awaji likaja daraja la Naruto, na chini yake bahari ilikuwa inazunguka. Leo ni bamvua. Maji ya bahari mbili yanagombea mlango mmoja mwembamba, na kutoka dirishani nimeona miduara myeupe ikifumka na kufunga. Mvuvi wa mwalo wa Deep Sea kule Tanga angeielewa bahari ile kwa kuitazama mara moja.

Siku ya 2: Ryozenji, Bando, na kilomita 16 za bondeni

Hekalu namba 1, Ryozenji, lina duka la vifaa vya wasafiri. Msafiri wa njia hii huitwa henro. Huvaa joho jeupe, kofia pana ya ukindu na fimbo, na joho na fimbo vyote vimeandikwa dua. Nikamweleza mama wa dukani, kwa Kijapani changu cha kuokoteza, kwamba mimi ni Mwislamu, dua ile si yangu, nimekuja kutembea na kuona, na fimbo ninayo: bakora ya mkwaju aliyoniachia babu yangu mzaa baba. Nilikuwa na wasiwasi nisije nikaonekana nadharau. Akaipokea bakora kwa mikono miwili, akaigeuza, akagusa pale kiganja cha babu kilipolainisha mti. Akanionyesha maneno yaliyochorwa kwenye fimbo zake za kuuza, dogyo ninin, yaani “wawili safarini”. Kwao fimbo ni Daishi mwenyewe anayemsindikiza msafiri. “Basi wewe unatembea na babu,” akasema, akanirudishia.

Sikufika mbali kabla ya kusimama tena. Hapa Bando, kuanzia mwaka 1917 hadi 1920, palikuwa na kambi ya wafungwa wa vita wapatao 1,000, Wajerumani waliotekwa na Wajapani Tsingtao, China, katika vita kuu ya kwanza ya dunia. Tsingtao ilianguka tarehe 7 Novemba 1914. Siku chache tu kabla, tarehe 2 hadi 5, Wajerumani walikuwa wanapigana na Waingereza mjini kwetu, vita vile ambavyo nyuki waliingia uwanjani, na makaburi yake tunayo mpaka leo. Vita ni ileile, wiki ni ileile. Mkuu wa kambi ya Bando, Matsue Toyohisa, alitoka Aizu, ukoo ulioshindwa na kudhalilishwa katika vita vya ndani vya Japani karne ya 19, na aliwatendea mateka wake kama watu wenye heshima yao. Wakafundisha wanakijiji kuoka mikate, wakajenga daraja la mawe ambalo bado limesimama msituni nyuma ya hekalu la Shinto, dini ya asili ya Wajapani, na tarehe 1 Juni 1918 wakapiga simfoni ya 9 ya Beethoven nzima, mara ya kwanza katika Asia. Nilikaa juu ya jiwe karibu na daraja lile nikiwawaza wapagazi wetu, wale waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili na wengi wao hawakuandikwa popote. Sikupata la kusema.

Mchana njia imepita vijiji vya bonde la mto Yoshino. Maua ya sakura yamefunguka nusu. Kila baada ya nyumba tatu nne kuna moja ambayo tundu la barua limezibwa kwa utepe wa plastiki, dalili kwamba mwenye nyumba hayupo na hatarudi. Hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilikuta karibu nyumba milioni 9 tupu Japani nzima, na mkoa huu wa Tokushima uko mstari wa mbele: zaidi ya nyumba moja kati ya tano. Hazijabomoka. Mapazia yapo, vyungu vya maua vipo, na mti wa machenza umezaa mpaka matunda yameoza chini.

Mbele ya nyumba moja yenye watu, bibi kizee aliyepinda mgongo alinikimbilia, namaanisha alikimbia, na mfuko wa matunda ya hassaku, makubwa kuliko chungwa la Muheza, ganda nene kama la balungi. “Ohenro-san, osettai.” Osettai ni kitu anachopewa msafiri na asiyemjua: tunda, chai, sarafu, kitanda. Nilikuwa nimesoma kwamba hakikataliwi, kwa kuwa anayetoa anasafiri kupitia miguu yako, na ukikataa umemzuia njia. Msafiri naye humpa karatasi yenye jina lake na anakotoka. Mimi nilichapisha zangu Tanga, zisizo na dua, jina na mji tu. Akaisoma kwa kidole, “Tan-ga”, akaniambia zamani nyumba za huku zilijaza karatasi za wasafiri kwenye gunia la majani na kulitundika darini, liwe kinga ya nyumba. Lake lipo bado. Nikabaki na hilo kichwani njia nzima, kwamba jina langu litalala darini mwa mtu.

Nimefika nyumba ya wageni jioni, miguu inawaka. Mama mwenye nyumba akatoka, akanisalimu, na kabla hajaugusa mzigo wangu akachukua bakora, akachuchumaa penye bomba, akaiosha ncha yake kwa maji na kitambaa, taratibu, katikati ya nyufa, mpaka tope lote likatoka, kama anayemwosha mtoto miguu kabla ya kulala. Akaikausha, akaisimamisha chumbani kwangu pahali pa heshima, ukutani karibu na ua moja lililo kwenye chupa. Ndipo akanigeukia: “Na wewe sasa, maji ya kuoga yako tayari.” Ni desturi, fimbo huoshwa kwanza. Babu alikufa mwaka 2009, na tangu hapo hakuna aliyeishika bakora ile kwa adabu namna hiyo, nami nikiwemo.

Siku ya 3: hekalu la 6 hadi la 10

Leo mwendo mfupi, kama kilomita 12, mashamba ya mboga kushoto na milima kulia. Nimepiga chafya tangu asubuhi. Nusu ya watu ninaopishana nao wamevaa barakoa kwa sababu hiyohiyo: chavua ya mierezi, wenyewe huiita sugi.

Hekalu la 10, Kirihataji, liko juu ya ngazi 333. Jina lake maana yake ni hekalu la nguo iliyokatwa. Husimuliwa kwamba Kukai alikuwa akikaa hapa jirani, na binti mfumaji akawa anamletea chakula kila siku. Siku ya saba akamwomba kipande kidogo cha nguo kuukuu cha kutia kiraka. Binti hakwenda kutafuta kikuukuu. Akachukua mkasi, akaikata ile nguo mpya iliyokuwa bado kwenye kitanda cha mfumi, kazi ya siku zote zile, akampa. Anayefahamu ufumaji anajua maana yake: mtande ukikatwa, nguo imekwisha.

Kanga zetu tunanunua jozi, na fundi akikosea kukata pindo nyumba nzima inalalamika. Nimeikalia hadithi ile ngazini muda mrefu.

Siku ya 4: kuvuka Yoshino

Mto Yoshino una urefu wa kilomita 194, na jina lake la utani ni Shikoku Saburo, mtoto wa kiume wa tatu, kwa kuwa ni mmoja wa mito mitatu ya Japani iliyosifika kwa ukali. Ukali huo ndio uliowatajirisha watu wa bonde. Vimbunga huja mwishoni mwa kiangazi na mwanzo wa vuli, na mpunga ulikuwa ukisombwa kabla haujavunwa. Nili, mmea wa rangi ya buluu, huvunwa mapema kabla ya mafuriko, na mafuriko yenyewe huleta udongo mpya wa kuurutubisha mwaka unaofuata. Kwa karne kadhaa nguo za buluu za Japani zilitegemea matope haya, mpaka rangi za viwandani zilipokuja.

Katikati ya mto kuna kisiwa kikubwa, Zennyuji, mashamba matupu bila nyumba hata moja. Wakazi wake waliondolewa mwaka 1915 serikali ilipojenga kingo za mto. Unaingia na kutoka kwa madaraja ya chini yasiyo na vyuma pembeni, yaliyojengwa makusudi yamezwe na mafuriko, magogo yapite juu yake badala ya kuyang'oa. Nilikuwa katikati ya moja la hayo, bakora ikigonga zege, ko, ko, mzee mmoja akashuka baiskeli. Akaniinamia, akaniomba radhi kwa kunisimamisha, akasema juu ya daraja fimbo hubebwa, haigongwi. Husimuliwa kwamba Kukai alikosa mahali pa kulala usiku mmoja huko Ozu, magharibi ya kisiwa, akalala chini ya daraja kwa baridi na njaa. Huenda amelala chini ya hili pia. Nikaibeba bakora kwapani. Mzee akasubiri mpaka nimevuka ndipo akapanda baiskeli yake.

Siku ya 5: mlima wa Shosanji

Kutoka hekalu la 11 hadi la 12 ni kama kilomita 13, nami nimetumia saa nane. Kipande hiki huitwa mahali pa kuwaangusha wasafiri. Unapanda, unashuka, unapanda tena mpaka kama mita 700 juu ya bahari.

Msitu wenyewe unahuzunisha. Mierezi imesimama kwa mistari, yote ya umri mmoja, na chini yake giza, hakuna hata jani. Ilipandwa baada ya vita vya pili, mbao zikihitajika kujengea miji iliyoungua. Kisha miaka ya 1960 milango ikafunguliwa kwa mbao za nje, baadaye bei ikaanguka, na vijana waliokuwa wapogoe na kupunguza miti wakaenda viwandani Osaka. Miti ikabaki, inamwaga chavua. Mtu akilaumu mierezi kwa chafya zake, aulize kwanza nani aliiacha.

Kando ya njia kuna mawe madogo yenye kuvu, mengine yameshalala. Ni makaburi ya wasafiri. Joho jeupe la henro lilikuwa pia sanda yake, na fimbo ikachomekwa juu ya kaburi alipofia. Wagonjwa waliofukuzwa makwao walikuwa wakizunguka njia hii mpaka mwisho wao, wakilishwa na osettai. Nimewasomea dua ya marehemu kwa namna ninayoijua mimi.

Juu ya ngazi ndefu, chini ya mwerezi mmoja mkubwa usiofanana na ile ya mistari, sanamu ya Kukai imesimama na fimbo mkononi, inatazama wanaopanda. Nikaweka mzigo chini, nikala hassaku ya mwisho.

Siku ya 6: Kamiyama

Chini kidogo ya Shosanji kuna kibanda na mwerezi, panaitwa mwerezi wa fimbo. Emon Saburo alikuwa tajiri wa upande wa Matsuyama. Mtawa ombaomba alimjia mlangoni mara nyingi, naye mwisho akalipiga bakuli lake likavunjika vipande vinane. Watoto wake wanane wakafa mmoja mmoja. Alipong'amua yule alikuwa nani, akaacha mali na kumtafuta, akaizunguka Shikoku mara 20 asimwone. Mara ya 21 akageuza mwelekeo, na hapa, akiwa anakata roho, Kukai akamtokea. Fimbo yake ikachomekwa kaburini ikawa mti. Hadithi ya binti iko bondeni, hii iko mlimani, na kati yake ni mwendo wa siku mbili. Nadhani waliopanga njia walitaka mtu awe ameshachoka ndipo aisikie ya pili.

Kamiyama ni mji wa milimani uliokuwa unakwisha. Tangu mwaka 2010 kampuni za kompyuta zimeweka ofisi ndogo kwenye nyumba zilizoachwa, na mwaka 2023 kikafunguliwa chuo cha ufundi. Nimewaona wanafunzi barabarani, wanasalimia kila mtu.

Lakini nilichokuja kukiona kilinipita saa mbili na nusu asubuhi. Hiace nyeupe, ubavuni maneno yaleyale niliyoyasoma kwa miezi miwili. Ikasimama mbele ya nyumba moja, mlango ukafunguka, kidaraja kikajitokeza. Mtumishi kijana akashuka, akapiga goti barabarani ili uso wake uwe chini ya uso wa mzee, akamshika mikono miwili. Mguu mmoja. Mapumziko. Mguu wa pili. Mke wa mzee alibaki mlangoni ameinama mpaka gari lilipopinda kona. Gari halikuwa limechakaa. Miaka michache ijayo huenda nikapokea karatasi zake mezani kwangu, na sasa nitajua kidaraja kile kimebeba nini kabla ya watoto wetu.

Siku ya 7

Mvua kutwa. Mahekalu 13 hadi 17 yamekaribiana, nimeyamaliza kufikia saa nane mchana. Tokushima mjini kuna mtaa wa maduka uliofunikwa paa, na mengi yamefunga. Mwenye duka la udon, tambi nene za ngano, akaniambia walilishangilia daraja la Akashi, kumbe ni mrija: Osaka inanyonya kwa upande wa pili. Mwanawe yuko huko. Akakataa hela ya bakuli la pili.

Siku ya 8: Hiwasa

Treni ya dizeli, behewa moja, imenishusha Hiwasa penye hekalu la 23, Yakuoji, mbele ya bahari. Kwenye nguzo za barabarani kuna vibao vya kimo kutoka usawa wa bahari na mishale ya kukimbilia tsunami. Pwani hii ilipigwa Desemba 1946, na inajua itapigwa tena.

Huku huaminika kwamba umri fulani ni wa hatari: miaka 33 kwa mwanamke, 42 kwa mwanamume, kwa hesabu ya zamani ambayo mtoto huzaliwa tayari ana mwaka mmoja. Yakuoji ina ngazi 33 za wanawake, kisha ngazi 42 za wanaume, na watu huweka sarafu moja kwa kila kipandio. Mama mmoja alikuwa ameketi baada ya zile 33, fimbo mapajani, anahema. Akanisalimu, “Ohenro-san,” akauliza umri wangu. Nimetimiza 41 Februari. Akahesabu kwa vidole. “Basi 42. Sawa na mwanangu.” Mwanawe yuko Osaka, hakupata nafasi ya kuja mwaka huu, na magoti yake mama hayapandi tena. Akafungua kibunda cha kitambaa cha buluu ya nili. Sarafu 42 za yeni moja, nyepesi, gramu moja moja.

Nikamwambia imani yangu ni nyingine, mimi zangu siweki, lakini za mwanawe nitamfikishia. Akainama mpaka kichwa kikagusa fimbo.

Nikaiacha bakora kwake. Nikapanda, nikiinama kila kipandio, mahali pengine nikitafuta nafasi kati ya sarafu za wengine. Kutoka chini nilimsikia akihesabu kwa sauti, hesabu za Kijapani nilizozijua kwanza kabla ya maneno mengine yote. Kwenye 30 sauti ikakwama, akakohoa, nikasimama kumsubiri. Akaendelea. Yonju-ichi. Yonju-ni, arobaini na mbili.

Kiganja changu kilikuwa kitupu. Nilipogeuka, alikuwa ametoa kitambaa na anaifuta ncha ya bakora.